Shanga Juu ya Kitambaa Cheupe

Kitu cha kwanza nilichokiogopa chuoni ni shuka ya madam, mwalimu wetu. Ilikuwa shuka nyeupe ya kitanda kimoja, ya kawaida kabisa, aliyoinunua sokoni Lodwar baada ya kugundua kwamba ukuta wa darasa letu ulikuwa wa kijani. Kabla ya hapo alikuwa akituonyesha picha moja kwa moja ukutani kwa projekta, na mimi kwa majuma kadhaa niliamini kwamba watakatifu wa Ulaya walichorwa wakiwa na nyuso za kijani. Hata kwenye shajara yangu niliandika, bila mzaha wowote: watakatifu wana rangi ya mtu mwenye malaria.

Alipoipigilia shuka misumari, nyuso zikapata rangi yake. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kidogo. Halafu madam akasema jambo lililonikausha mate. Kila picha itakayotokea pale, mmoja wetu atasimama kando yake na kusema anachokiona. Si anachokijua, anachokiona. Bila karatasi mkononi.

Hiyo ilikuwa 2012. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na chuo chetu hakikuwa chuo cha kwenye kalenda, chenye nyasi na mnara. Kilikuwa tawi dogo lenye vyumba vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na projekta ilitegemea jenereta ya duka hilo. Mtu akija kukata vyuma, sisi tunasimama kumtazama mtakatifu mmoja akitetemeka ukutani mpaka chuma kiishe. Niliingia historia ya sanaa kwa hesabu yangu mwenyewe ya uoga. Nilidhani ni somo la kutazama tu. Mtu wa kutazama na kunyamaza, nani kama mimi?

Nyumbani hawakuelewa. Baba anafanya kazi ofisi ya maji. Tulihamia Lodwar kutoka upande wa Kitale nikiwa darasa la kwanza. Mwaka huo wa 2012 mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana na kila mzazi aliota mtoto wa mafuta.

"Watoto wa wenzangu wanasomea mawe," baba alisema tukila, "wangu anasomea picha. Picha za nini? Utazichoma upate petroli?"

"Mwache," mama akajibu. "Akishindwa atakuja dukani kwangu."

Mama alisema hivyo kunitetea, lakini mimi chakula kilinikwama. Duka la mama ni mahali pa kusema kuliko pote ninapopajua. Wateja wanaingia na maneno, wanatoka na maneno, na asiye na maneno anaulizwa kama ni mgonjwa. Nikishindwa chuo, maisha yangu yote yangekuwa kaunta ile.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa picha ya mama na mtoto, nyuma yao dhahabu tupu. Nilisimama kando ya shuka. Mwanga wa projekta ulinipiga shavuni, na nikahisi darasa zima linanitazama mimi badala ya picha. Nikasema, "Mimi ninaona..." Basi. Sauti iliishia hapo, kama bomba la maji la Lodwar. Nikasikia jenereta. Nikasikia feni. Nikamsikia yule mwenzetu mrefu wa kutoka Kakuma, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi na anayeimba kwaya kwa sauti ya kuamsha mtaa, akisema kutoka nyuma, "Ona basi, dada, hiyo picha haikimbii!"

Wakacheka. Madam akawasha taa na kuniambia neno moja. "Kaa."

Kuanzia siku hiyo kijana yule akaniita Sista Kimya. Hakuwa mbaya. Alinipigia salamu kutoka ng'ambo ya barabara, "Sista Kimya, leo umesema maneno mangapi?" na mimi nilimwogopa kama ninavyomwogopa kila mtu mwenye sauti kubwa.

Madam aliniita nje baada ya kipindi. Ni mwanamke wa Nairobi, mwembamba, hupenda kukunja mikono ya shati. Akaniambia kwamba ninaandika vizuri, lakini somo hili ni la kusimama mbele ya kitu na kukisema. "Mwanzoni mwa mwaka tutakwenda Kakuma. Kila mmoja atasimama mbele ya kitu halisi. Ukinyamaza tena, mwaka wa pili huingii. Nitalazimika kukuombea somo lingine." Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali, ningepata mtu wa kumchukia.

Krismasi ile nilifanya mazoezi chumbani. Niliweka birika juu ya mto na kuliambia ninavyoliona. Kwa birika niliweza.

*

Tuliondoka Lodwar asubuhi, Januari, magari mawili ya kukodi, mabango ya wagombea yamejaa hata kwenye mashina ya miti. Kuna kipande cha barabara ile ambapo dereva huacha kuongea. Hakuna anayekwambia kwa nini, na huulizi, kwa sababu kila mtu amesikia habari za wenye bunduki. Tuliponyamaza wote, kijana wa kwaya akaninong'oneza, "Sasa sote ni Sista Kimya." Nilitaka kucheka. Meno yalikuwa yamebana.

Madam alikuwa na kanuni moja kuhusu safari ile: usichague cha kwenu. Alisema mtu hawezi kukiona kitu alichozaliwa nacho. Kwa hiyo wenzetu Waturkana aliwapeleka ndani ya kambi, kwenye kanisa la udongo lililochorwa ukuta mzima na wakimbizi. Mimi na kijana wa kwaya alituweka pamoja, tutafute kitu cha Waturkana. Yeye akachagua upesi.

"Kuna mama anatuletea makaa nyumbani. Shanga zake, manze, zimepanda mpaka sikioni. Yule ni jumba la makumbusho linalotembea."

"Wewe utasema naye?" nikamuuliza.

"Mimi? Kiturkana changu ni cha makaa tu. Wewe si ndiye umekulia Lodwar?"

Ilikuwa kweli. Kiturkana nilikipata nikicheza na wasichana wa jirani, nikakikuza sokoni kwa kununua samaki na maziwa. Nilijua kuuliza kama samaki ni wa leo. Nilijua matusi mengi, ambayo sikuwahi kuyatumia. Sikujua kwamba kuna sehemu nzima za lugha ambazo mtoto wa mtumishi wa serikali hafunzwi na wenzake wa kucheza.

Mama yule alikaa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu unaotenganisha kambi na manyatta ya wenyeji. Tulimkuta ameketi kwenye kivuli cha kibanda chake cha matawi, akipanga makaa kwenye makopo. Shanga zilikuwa kama alivyosema kijana: mizunguko myekundu, buluu, myeupe, myeusi, imepandana kutoka mabegani hadi chini ya taya, inang'aa kwa mafuta na udongo mwekundu. Kichwa chake kilikaa juu ya shanga hizo kama kimewekwa pale kwa uangalifu.

"Ejoka!" kijana akapiga salamu.

"Ejok. Wewe mrefu! Mama yako iko? Makaa nitaleta kesho."

"Leo hatutaki makaa, mama. Leo tunataka kukuangalia tu."

"Kuangalia mimi? Mimi ni ng'ombe ya mnada?" Akacheka mpaka shanga zikagongana. Kisha akanigeukia mimi, na kwa kuwa nilimsalimia kwa Kiturkana, akaendelea kwa Kiturkana. Aliniuliza kama nimetoka Lodwar. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimesikia neno lolote kutoka Lokiriama. Wanawe wawili, mkubwa na mdogo, walikuwa wamepeleka mifugo huko mpakani kutafuta majani, na tangu waende hakuna mtu aliyemletea habari yao. Huko majirani wa ng'ambo wakiamka vibaya, alisema, ng'ombe huenda upande mmoja na vijana huenda upande mwingine.

"Sijasikia," nikajibu. Nilikuwa nikitazama vidole vya miguu yake. Ndivyo ninavyoongea na wakubwa, na wadogo pia.

"Hujasikia, au hutaki kusema?"

Nilidhani ananitania. Nikatabasamu kwenye vile vidole na kunyamaza.

Ndipo gari la madam likafika. Aliteremka na kofia yake, na beji ya chuo ikining'inia kifuani kama wale wa mashirika wanaoingia kambini kuita majina. Alikuwa na haraka. Jozi nyingine zilikuwa zinamngoja. Akamsalimia mama kwa kuinama, akatoa kutoka begi lake ile shuka nyeupe, akaitandaza chini mbele ya kibanda. Upepo ukainyanyua. Akatafuta mawe, akaweka moja kila pembe.

Tuliijua hatua hiyo. Muhula mzima alikuwa ametufundisha hivyo: kitoe kitu mahali pake, kiweke peke yake juu ya cheupe, ndipo utakiona. Tulifanya hivyo na kitana, na kibuyu, na kiatu cha mlinzi. Sikushangaa hata kidogo. Nilichokuwa nikikitazama ni kalamu ya madam ya kutoa alama, ambayo tayari ilikuwa mkononi, kwa sababu baada ya shanga kuwekwa pale ningesimama mimi.

"Mwombe," madam akaniambia, "kama haoni vibaya, azivue. Aziweke hapa tuzione zikiwa peke yake."

Mama alikuwa anaitazama shuka. Hakuwa anacheka tena.

Nikasema kwa sauti yangu ndogo, kichwa chini, "Mama, wanakuomba uvue shanga."

Kopo moja la makaa likaanguka, hakuliokota.

"Zote?" akauliza.

Nikamgeukia madam. "Anauliza kama ni zote."

"Zote, ikiwezekana."

"Zote," nikasema.

Aliinua mikono akaanza kuzitoa, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu. Hakuwa na haraka, na mikono ilikuwa ikitetemeka, nikadhani ni uzee. Chini ya shanga ngozi ilikuwa ya rangi nyingine kabisa, hafifu, laini, na mistari ya mikandamizo kama mchanga baada ya maji kupita. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha faragha namna ile. Nilitamani kugeuka. Madam alivuta pumzi na kusema polepole, "Tazama, tazama hiyo ngozi." Mama hakuziweka kwenye shuka. Alizirundika mapajani mwake, akazifunika kwa viganja.

Wanawake wawili walikuwa wanavuka laga na mitungi ya maji. Mmoja akatutazama. Akaiona shingo. Akauweka mtungi chini, na akapiga ukelele.

Siwezi kuuandika ukelele ule. Wa pili akaupokea, na mahali fulani nyuma ya miiba mtu wa tatu akaupokea, na kabla sijajua nini kimetokea ulikuwa umezunguka manyatta yote. Watu wakaanza kutoka.

"Wee, hawa wanalia nini?" kijana akauliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya makaa, vigumu. Akanivuta mpaka nikapiga magoti kwenye shuka.

"Sasa niambie," akasema. "Ni mkubwa au ni mdogo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa kila kitu kwa pamoja. Mwanamke wa kule havui shanga za shingo mbele ya watu, zote, ila msiba unapomfikia. Na sisi tulikuwa tumekuja na gari, na beji, na shuka nyeupe ambayo hapo Kakuma, penye makaburi ya watu wa dini zote, kila mtu anajua kazi yake ya sanda. Tukamwambia vua. Na aliyetumwa kusema alikuwa msichana asiyeweza kumtazama mtu usoni. Alikuwa ameniuliza habari za Lokiriama nikanyamaza. Uoga wangu wote, ule niliozaliwa nao, kwake ulikuwa ndio habari.

"Mkubwa au mdogo?"

Nilifungua mdomo. Mimi ninaona... Ilikuwa ile ile ya darasani, sauti haikutoka. Niliitazama shuka, na kadiri nilivyoitazama ndivyo alivyozidi kuamini. Akaanza kutikisika, bila sauti, mkono wangu ukitikisika naye.

"Nani alileta habari?" Mwanamume mmoja alikuwa amefika na fimbo yake. Vijana nyuma yake. Mtu akaninyooshea kidole.

"Wanasema nini?" madam akauliza. "Wanasema nini? Niambie!"

Nadhani kilichonitoa sauti si ujasiri. Nilimwona mama yule anafumba macho, anachagua mwenyewe. Alikuwa anachagua nani amekufa kwa sababu mimi sikumwambia. Nikapiga kelele.

"Hakuna! Hakuna aliyekufa! Mimi sijui kitu chochote cha Lokiriama! Ni masomo! Tunasoma shanga!"

Nilisema hivyo kwa Kiturkana, kisha Kiswahili, kisha vyote vikachanganyika. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Ilikuwa mbaya, kama ya mbuzi.

"Mnasoma shanga?" mwenye fimbo akauliza. "Mtu mzima anasoma shanga?" Ilikuwa karibu kabisa na sauti ya baba mezani.

"Madam, kunja shuka," nikasema. "Ikunje sasa hivi." Na yeye, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwamuru, akapiga magoti akang'oa mawe.

"Niangalie," mama akaniambia.

Sikuweza. Akanishika kidevu kwa mkono ule wa makaa akakiinua. Macho yake yalikuwa mekundu, na karibu sana. Nikayatazama. Yalinichoma, lakini nikayatazama, nikarudia polepole kwamba hakuna mtu aliyenituma, sijui lolote, sisi ni wanafunzi tu na hatukujua. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ukelele ulipungua, ukabaki mtu mmoja mbali anayelia peke yake.

Mama akawageukia watu. "Huyu ni mwoga tu," akasema. "Si mjumbe."

Wengine wakacheka kile kicheko cha kupumua. Mwenye fimbo hakucheka. Mimi nilianza kuziokota shanga zilizomdondoka mapajani, nimpe, avae, tuondoke. Akanizuia.

"Shingo imeshavuliwa," akasema. "Hairudishwi kwa mdomo wa mtoto. Mpaka nisikie wanangu."

Na hakuuachilia mkono wangu.

*

Lokiriama simu hazishiki vizuri, mtu hupanda kilima kutafuta mtandao. Kijana wa kwaya ndiye aliyekumbuka kwamba kuna mwenye duka Msomali ndani ya kambi ambaye lori lake huenda huko kununua mbuzi. Akakimbia. Sijawahi kumwona mtu mrefu akikimbia hivyo kwenye mchanga.

Tukangoja. Gari la pili lilikuja na wenzetu kutoka kanisani, na msichana mmoja Mturkana alipoona shingo ya mama na shanga mapajani, akaweka mkono mdomoni. "Mmefanya nini nyinyi?" akaninong'oneza. "Mmefanya nini?" Madam alisikia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, shuka imekunjwa magotini, na kalamu sikuiona tena. Nikamweleza yote. Alitaka nimwambie mama kwamba anaomba radhi sana.

Nikamwambia. Mama akasema, "Mwambie anyamaze kama wewe."

Hilo sikulitafsiri.

Jua lilisogea na kivuli kikatukimbia. Hapo nikaingiwa na hofu nyingine, mbaya kuliko zote za siku ile. Itakuwaje kama ni kweli? Itakuwaje kama simu italia na mmoja wao amekufa, si leo, labda juma lililopita, na mimi nimeileta habari bila kuijua? Mawazo ya alama yalikuwa yamenitoka. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, mama alimwomba Akuj kwa midomo tu, na mkono wangu ulikuwa katikati, umekufa ganzi.

Kijana alirudi akiwa ameinua simu juu kama taa. "Anaongea! Mama, anaongea!"

Ilikuwa sauti ya mdogo, kwenye simu ya dereva wa lori. Ilikatika, ikarudi, ikakatika. Mama alimuuliza jina la ng'ombe fulani, kumpima kama ni yeye kweli, na alipojibiwa aliachilia mkono wangu kwa mara ya kwanza. Halafu akauliza habari za mkubwa. Mdogo akasema mkubwa ametangulia na ngamia kwenye malisho ya mbele, karibu na mpaka. Hajamwona tangu watengane. Simu ikakatika kabisa.

Mama akachukua shanga akaanza kuzirudisha, na alipofika katikati ya shingo akaacha.

"Hizi za mdogo," akasema.

Zilizobaki akazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akafunika, akaliweka nyuma yake kibandani. Alitusindikiza kwa macho tukipanda gari. Nusu ya shingo yake ilikuwa imevaa, nusu wazi. Hakuna aliyeimba njiani.

*

Tuliporudi Lodwar, madam hakuanza somo kwa picha. Alisema kwamba alichotufundisha kuhusu kukitoa kitu mahali pake kina makosa ndani yake na bado anayafikiria. Akasema hivyo tu. Kisha wengine wakasimama, mmoja mmoja, wakasema juu ya ukuta wa kanisa, juu ya vigoda vya wazee. Zamu yangu ikafika.

Nilisimama. "Siwezi bado," nikasema.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, madam. Lakini si kuogopa kusema. Nikisema nilichokiona kabla mkubwa hajapatikana, ni kama ninazivua tena."

Madam akafungua daftari la alama. "Alama zinapelekwa mwisho wa muhula," akasema. "Zikishapelekwa, mimi sina la kufanya. Unaelewa?"

Nilielewa. Kaunta ya mama niliiona mbele yangu, na mizani yake.

Baada ya hapo nilikuwa nikienda kwenye soko la mbuzi kila nilipotoka darasani. Nilisimama mbele ya wanaume waliotoka Lokiriama na fimbo zao na kuwauliza kama wamemwona kijana fulani mwenye ngamia, mwana wa mama wa makaa wa Kakuma. Wengine walinitania, "Unatafuta mume?" Wengine walifikiri kwanza, kisha wakatikisa kichwa. Nilijifunza kuwatazama machoni nikiuliza, wasije wakadhani ni mimi mwenye habari. Nyumbani baba aliuliza, "Picha zinaendeleaje?" nikasema, "Nangoja," naye akamtazama mama.

Kipindi cha mwisho cha muhula kilianza bila kijana wa kwaya. Alikuwa amekwenda kwao Kakuma tangu Ijumaa, na gari lilikuwa limechelewa, au limeharibika, au limekutana na kile kipande cha barabara, niliwaza yote. Madam alikuwa na kalamu. Aliniangalia, akaangalia mlango, akaanza kukusanya vitu vyake polepole kuliko kawaida.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kijana wa kwaya, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Hakumsalimia madam, wala hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alinitafuta mimi.

"Shingo imejaa, Sista Kimya," akasema. "Mpaka sikioni. Jamaa amerudi na ngamia wote, na amekonda kama mimi."

Nilikaa chini. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimesimama. Msichana Mturkana aliyekaa mbele yangu akainamisha uso juu ya dawati, akabaki hivyo.

"Basi," madam akasema taratibu. Akaifungua shuka na kutafuta misumari yake.

"Bila hiyo, tafadhali," nikasema.

Akaikunja tena. Nikaenda mbele, nikasimama mahali ambapo shuka hutundikwa, nyuma yangu ukuta mtupu wa kijani. Mikono niliifunga nyuma. Dukani mtu alianza kukata chuma. Nikafungua mdomo, nikamtazama kijana wa kwaya, kisha madam, kisha yule msichana, machoni, mmoja mmoja.

"Ninaona mama ameketi kivulini," nikasema, "na makopo ya makaa."

"Sauti!" wakapiga kelele kutoka nyuma.

Nikaanza tena.